Lori Lililoinuliwa kwa Wimbo

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema kwamba kichwa chenyewe chaweza kuwa cha mtu mwingine, aliyekaa meza ya nyuma akinywa chai yake kwa amani. Hilo Mwalimu Nduku alijifunza Jumapili moja katika hoteli ya Subira pale Chaka, mbele ya televisheni na watu wapatao arobaini.

Kipindi kiliitwa Yalitukia Kwetu. Kila Jumapili saa moja jioni walichukua kisa cha kweli kilichompata mtu wa kweli, wakakiigiza kwa waigizaji wenye meno mazuri na muziki wa kutosha kumliza chura. Siku hiyo kisa kilikuwa cha jirani, cha Mukurweini, kwa hivyo hata wale ambao huja kwa Subira kuota moto tu walikuwa wamevuta viti. Mwezi wa saba huku juu hauna mchezo. Mlima ukipumua, Chaka nzima hukunja mabega.

Ilikuwa hivi. Mvua inanyesha, barabara ni tope, lori la kokoto limelala ubavu na mguu wa mama muuza ndizi uko chini yake. Polisi anatokea mbio. Anatazama mbinguni, anavua kofia, anaanza kuimba pambio la zamani. Vinanda vinaingia. Sauti inapanda. Kisha anashika ubavu wa lori kwa mikono yake miwili, na lori, likiwa na kokoto zote mgongoni, linainuka taratibu kama ng'ombe aliyeambiwa na mwenyewe asimame.

Pale hotelini kimya kilikuwa cha kanisani. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya leso. Maandishi yakapita chini ya kioo: kisa hiki ni cha kweli.

Hapo ndipo Nduku aliposhindwa kukalia kiti chake mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa fizikia mwaka wa kumi na moja sasa, mzaliwa wa Makueni, ambako dunia ilimfunza mapema kwamba kitu kizito ni kizito. Tangu darasa la tatu alibeba dumu la lita ishirini kutoka mtoni, akiimba njia nzima, na hakuna siku hata moja dumu lilimwonea huruma likapungua.

"Samahanini," alisema, akiwa amesimama bila kujua. "Lori hiyo ikiwa tupu ni tani tatu. Kokoto ni tani saba. Hiyo ni kumi. Hata akiinua upande moja tu, ni tani tano. Bingwa wa dunia wa kunyanyua vyuma anafika nusu tani, na macho yanataka kumtoka."

"Mwalimu, huo ni muujiza," alisema mama wa leso.

"Mama, mimi na miujiza hatujakosana. Tumekosana na hayo maandishi. Huyo polisi ama ni kreni ama ni mwongo, na mimi sijawahi ona kreni ikivaa kofia."

Watu wakaangua kicheko. Steve wa boda boda alikuwa amekwisha kuinua simu yake. "Rudia hapo, mwalimu, nilikuwa nafuta picha za zamani nipate nafasi."

Mwalimu yeyote akiambiwa arudie, hurudia, na huongeza chumvi. "Wimbo haiwezi inua hata kijiko," alisema akitazama simu. "Nimeosha vyombo nikiimba maisha yangu yote. Hakuna kijiko imewahi ruka ikaenda kabatini yenyewe."

Kicheko kilipotulia, mwanamume mmoja mrefu wa meza ya nyuma aliweka pesa ya chai mezani, akafunga zipu ya jaketi hadi kidevuni, akatoka bila kumtazama mtu. Subira alikwenda kuchukua kikombe, akakiangalia, kisha akaja nacho hadi kwa Nduku.

"Unamjua aliyetoka?"

"Simjui."

"Ameacha chai nusu. Kwangu mtu haachi chai nusu, mwalimu, hata akifiwa." Subira alizaliwa Majengo, mjini Nyeri, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengine wote mle ndani. "Ni koplo mpya wa kituo. Amehamishwa kutoka Mukurweini, hana wiki mbili hapa. Anaitwa Seth. Ndiye kreni yako."

*

Kufikia Jumatatu saa nne video ilikuwa imefika Nanyuki, ikarudi, ikapita Karatina bila kusimama. Nduku alipoingia kidato cha tatu, darasa zima lilikuwa likinung'unika pambio kwa sauti ya chini na madawati yote manne ya mbele yameinuliwa magotini. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alifundisha akitazama dirishani, na kengele ya chakula ilipolia alikwenda moja kwa moja kituoni.

Seth alikuwa nyuma ya kaunta, akiandika katika kitabu cha matukio.

"Hujambo, afande."

"Sijambo, mwalimu." Hakuinua kichwa. "Umekuja kuripoti mwongo, ama umepoteza kreni?"

Nduku alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Yote yalimtoroka. "Nimekuja unipige," alisema. "Lakini si kwa uso, naingia darasani saa nane."

Mkono wa Seth ulisimama juu ya karatasi. Alikuwa mtu wa Kakamega, mwenye mabega ya kubebea milango, na sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo. Aliweka kalamu chini, akamweleza, na kila alilosema lilimwingia Nduku kama baridi ya kisima.

Alhamisi bodi ilikuwa inakuja. Seth alikuwa amependekezwa apandishwe cheo awe sajini, kwa sababu ya kazi ile ya Mukurweini. Ilikuwa imebaki kumwuliza maswali mawili matatu na kumpa mkono. "Sasa leo asubuhi inspekta amepigiwa simu. Wameona kipindi, halafu wamekuona wewe. Wanasema afisa anaweza danganya kwa televisheni, hata kortini atadanganya. Nisipowaelezea wakaelewa, mwalimu, mstari wa tatu hapa kwa mkono nisahau. Na hii miwili niko nayo, wataiangalia tena."

"Lakini afande, kwa nini uliwaambia uliinua na wimbo?"

"Mimi sikusema wimbo."

"Si wameonyesha?"

"Walinipigia simu nikiwa Mukurweini, kule chini mtandao inashika ukisimama na mguu moja. Kijana wa Nairobi, mwandishi wao. Akaniuliza, afande, hiyo lori uliinua na nini? Nikamwambia, niliinua na mtaimbo."

Nduku alimtazama. "Na mtaimbo."

"Na mtaimbo. Akasema, eti na nini? Sauti inakatika katika. Nikasema, ntaimbo, ntaimbo. Akafurahi sana. Akaniuliza, ilikuwa gani? Nikashangaa, mtaimbo ni mtaimbo. Nikamjibu, ile ya kawaida tu, ya zamani, nilipewa na mzee moja."

Kwa wale ambao hawajawahi kuchimba shimo la nguzo ya ua au kubandua jiwe, mtaimbo ni lile fimbo la chuma, refu kama mtu, zito kama lawama. Aliyelelewa ghorofa ya nne, mahali ambapo mashimo huchimbwa na watu wengine, anaweza kumaliza chuo kikuu na kuandikia televisheni bila kukutana nalo.

Nduku alishika kaunta kwa mikono miwili. Alijaribu kujizuia kwa heshima ya mahali, lakini kicheko kilimtoka puani, kisha mdomoni, kisha mabegani. Seth alimtazama kwa hasira kwa muda mfupi, naye akashindwa. Mahabusu mmoja aliuliza kutoka ndani kuna nini.

"Sasa subiri," Nduku alisema, akifuta macho. Mwalimu alikuwa ameamka ndani yake. "Hiyo mtaimbo uliegemeza juu ya nini?"

"Jiwe."

"Kutoka jiwe hadi lori, umbali gani?"

Seth alionyesha kiganja chake, zaidi kidogo.

"Na mtaimbo yenyewe?"

"Inanifika kwa paji la uso."

"Na kokoto?"

"Kokoto zilikuwa zimemwagika zote kwa barabara. Kwani wewe, lori ikilala, unadhani kokoto zinabaki zimekaa kwa viti zao?"

Nduku aliona haya hadi masikioni. Tani saba alizozipigia kelele mbele ya hoteli nzima hazikuwako. Alikuwa amepima uzito wa televisheni, si wa lori. Alivuta karatasi, akaandika. Lori tupu, tani tatu. Upande mmoja, tani moja na nusu. Mtaimbo mrefu mara kumi na tano kuliko umbali wa kutoka jiweni hadi kwenye mzigo: gawanya kwa kumi na tano.

"Kilo mia moja," alisema. "Una kilo ngapi?"

"Sabini na sita."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Mimi na mama wawili walikuwa wanachuma kahawa karibu hapo."

"Basi inawezekana." Aliinua karatasi juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Afande, inawezekana kabisa. Kisayansi."

"Mimi najua inawezekana, mwalimu," alisema Seth. "Nilikuwa hapo."

Lakini tabasamu lilikuwa limemkaa sasa. Nduku alimwambia bodi haitaamini karatasi ya mtu yule yule aliyesema kinyume Jumapili; wataonyeshwa kwa macho, Alhamisi, kwa lori la kweli na mtaimbo ule ule. Halafu, akiwa mlangoni, akauliza kama mzaha, "Na wimbo haikuwako hata kidogo?"

Seth aliinamia kitabu chake. "Wewe andika mtaimbo," alisema.

*

Jumatano jioni Steve alimpeleka Mukurweini kwa pikipiki yake, bila nauli, kwa kuwa mwenye kurekodi ni mshirika wa mwenye kusema. Walimkuta Mzee Gatimu, mwenye mtaimbo, kwenye machimbo yake ya mawe, amekaa juu ya tofali moja kubwa akinywa uji, na mtaimbo umelazwa kando yake kama mbwa wa nyumbani. Ulikuwa umepinda. Kidogo tu, karibu na ncha, kama shingo ya kuku anayesikiliza.

"Hiyo ni rori iripinda," Gatimu alisema kabla hajaulizwa. "Siku ya Shiku. Kira mgeni akikuja hapa naonyesha yeye. Mjomba ya bibi yangu arikuja kutoka Ramu, nikaonyesha yeye."

"Lamu, mzee?"

"Si ndio nimesema."

Nduku alimweleza shida. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakung'uta kikombe. "Kwa hivyo wewe ndiye mwarimu wa kijiko." Sifa zilikuwa zimemtangulia. "Sawa. Rakini mtaimbo yangu haitembei bira mimi. Iko na wivu."

Shiku mwenyewe, yule muuza ndizi, waliyemkuta sokoni akifunga mkungu wa mwisho, hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, anayechechemea kidogo, mwenye ulimi wa kuchongea penseli. "Nitakuja," alisema. "Si ni mguu yangu wanabishania? Nitakuja nayo." Akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na gambuti moja ya kushoto, iliyopasuka kisigino. "Na hii pia. Hii ndio ilikuwa chini."

*

Alhamisi saa nne asubuhi uwanja wa nyuma ya soko la Chaka ulijaa watu. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mlima ulikuwa umetoka nje mzima mzima, kama naye alikuwa ameitwa kushuhudia. Bodi ilikuwa ya watu watatu. Mkubwa wao alikuwa Madam Beverlyne, mwanamke mfupi mwenye nyota begani na saa kubwa ya mkononi ambayo aliiangalia mara kwa mara kana kwamba ina deni lake.

"Mwalimu, niko na Karatina saa sita," alisema. "Nimeambiwa utatuonyesha sayansi."

Nduku hakulala vizuri, lakini mtu asingejua. Aliazima sufuria ya chai ya Subira, iliyojaa, inayobebwa na watu wawili, akaiweka chini. Akachukua mwiko, akauegemeza juu ya kijiwe, akabonyeza mpini kwa kidole kimoja. Upande wa sufuria ukainuka. Akaachia. Akabonyeza tena. Watu wa nyuma wakasimama kwa vidole kuona.

"Mwiko ndio mtaimbo. Kijiwe ndio jiwe," alisema. "Sasa tunaongeza ukubwa."

Lori lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi. Nduku alikuwa amelipakia mifuko ya mchanga hadi, kwa hesabu zake, upande ule wa nyuma ukabeba tani moja na nusu, kama siku ile. Dereva alilirudisha nyuma polepole mpaka gurudumu likakanyaga ncha ya gambuti ya Shiku. Masharti yalikuwa mepesi hata kwa mtoto: gambuti ikitoka, Seth alisema kweli.

Gatimu aliweka jiwe mwenyewe, akaligeuza mara tatu kama mtu anayechagua tikiti. Akapitisha mtaimbo chini ya ekseli, mpindo ukiangalia chini, mpini ukitazama angani kama mkia wa nge, ili washikaji wapate nafasi ya kushuka. Washikaji walikuwa watatu, kama siku ile: Seth katikati, Subira aliyejifunga leso kiunoni, na Steve, ambaye kwa mara ya kwanza simu yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Sukumeni," alisema Nduku.

Seth akasukuma. Akafuata Subira. Steve alikuwa bado anatema mate viganjani. Chuma kikalia, lori likajikuna, likarudi palepale.

"Tena."

Mara hii Steve aliruka kabla ya wote, akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Aliposhuka ndipo Subira alipopanda. Jiwe liliteleza, mtaimbo ukaruka, na Gatimu akalia kwa uchungu kana kwamba ni mguu wake.

Mara ya tatu walihesabu moja, mbili, tatu. Subira alisukuma kwenye tatu. Steve alisukuma baada ya tatu. Wakaanza kubishana tatu ni lini hasa, na umati ukawa na maoni.

Madam Beverlyne aliangalia saa. "Mwalimu, sayansi imechoka?"

Nduku aliutazama mtaimbo. Jasho lilimtoka mgongoni, na baridi yote ile. Hesabu zilikuwa sawa; alizipitia tena kichwani, tarakimu kwa tarakimu. Kilo mia moja zilihitajika. Watu watatu walikuwa na zaidi ya mia mbili. Zilikuwa zinaenda wapi? Alimwona Seth ameinama akishika magoti, mistari miwili mkononi mwake ikipanda na kushuka kwa pumzi, na akajua kwamba kama lori haliinuki pale, mwongo wa Jumapili atakuwa mwongo wa serikali, na yeye ndiye atakuwa amemfanya hivyo mara mbili.

"Seth," sauti ilisema kando. Alikuwa Shiku, amesimama karibu na gambuti yake, mikono kiunoni. "Kwani leo umenyamazia nini?"

Seth hakuinua kichwa. "Mama Shiku, wacha."

"Imba."

Umati ukacheka. Mtu mmoja nyuma akaanza lile pambio la televisheni, akanyamazishwa.

"Hiyo wimbo ndio imenileta hapa," alisema Seth kwa sauti ile yake ndogo. "Siwezi imba tena mbele ya watu."

"Sikuambii ile ya runinga. Mimi sikusikia ile. Nakuambia ile yetu." Shiku aligeuka kwa bodi, kwa Nduku, kwa kila mtu. "Mimi nilikuwa chini, uso kwa tope, sioni kitu. Nilikuwa nasikia tu huyu mtu. Akiimba, akifika pale kwa 'hee', wote wanavuta, na mimi navuta mguu. Bila hiyo 'hee', ningejua nivute saa ngapi? Si ningevuta lori ikirudi?"

Mara moja Nduku alikuwa mtoni tena, Makueni, na dumu. Ni kweli, dumu halikupungua uzito kwa wimbo. Lakini kulikuwa na pipa. Pipa la lita mia, ambalo wasichana wanne walilipandisha kwenye mkokoteni wa punda kila Jumamosi, na hawakuwahi hata siku moja kulipandisha kwa kuhesabu. Walilipandisha kwenye neno. Wimbo ulikuwa na neno moja lake, na kwenye neno hilo migongo minne ilinyooka kama mgongo mmoja. Miaka kumi na moja alifundisha nguvu kwa mishale ubaoni na hakuwahi kuwaza mishale hiyo hukutanaje. Nguvu za watu watatu zisipokutana ni nguvu za mtu mmoja na kelele za wawili.

"Afande," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Imba. Nilisema upuuzi Jumapili na nimeusema tena leo. Imba."

Seth alimtazama, kisha akamtazama Shiku. Akarudi kwenye mtaimbo, akaushika. Akakohoa. Na kutoka kwenye mabega yale ya kubebea milango ikatoka sauti ambayo haikuwa ndogo tena, wala haikuwa ya kanisani. Ulikuwa wimbo wa bibi yake, aliotumia kuwaamshia wajukuu wavivu asubuhi.

"Jogoo ameamka."

"Hee," alijibu Shiku peke yake.

"Na jirani ameamka."

"Hee," walijibu Shiku, Subira na Gatimu. Mtaimbo ulishuka kidogo, kwa pamoja, ukapumzika.

"Hata mbwa ameamka."

"Hee." Sasa ulikuwa uwanja mzima. Ekseli ililia.

"Na wewe mzigo, amka."

"Hee," ikasema Chaka, bila shaka yoyote, na mabega matatu yakashuka kama moja. Lori likanyanyuka. Si kama kwenye televisheni, hapana. Lilinyanyuka unene wa gunzi la mahindi. Lakini jua la asubuhi lilipita chini ya gurudumu, watu wote waliliona, na kwenye neno lilelile Shiku alikuwa ameinama, akavuta, akaanguka makalio chini na gambuti yake kifuani.

Kelele zilizofuata zilifukuza kunguru wote wa sokoni. Dereva wa lori alikuwa akimkumbatia mtu asiyemjua. Mama wa leso alisema alijua tangu mwanzo, ila hakusema alijua nini.

Madam Beverlyne alisubiri watulie. Alikwenda hadi kwa gurudumu, akainama, akaona alama ya gambuti kwenye udongo. Kisha akafungua faili lake. "Koplo, kuna sehemu hapa haikujazwa. Kifaa kilichotumika. Nijaze nini?"

"Mtaimbo, madam," alisema Seth akihema.

"Mwalimu? Kisayansi?"

Nduku alijua Steve amekwisha kurudishiwa simu yake na anarekodi. Alijua itafika Nanyuki kabla ya chakula cha mchana. Akaigeukia simu wazi wazi. "Andika mtaimbo na wimbo, madam. Moja bila ingine haiinui. Na useme mwalimu wa kijiko ndiye amesema."

Madam Beverlyne aliandika, polepole, kwa herufi kubwa. Akafunga faili. Akamtazama Seth mkononi, pale penye mistari miwili. "Unajua fundi mzuri wa cherehani hapa?"

"Yuko mmoja, madam."

"Muone wiki hii. Barua itakuja, lakini mafundi wa huku huchelewa kuliko barua." Akaangalia saa yake mara ya mwisho, akaenda zake Karatina.

Subira alifungua hoteli papo hapo na kumkalisha Seth meza ya mbele, mgongo kwa televisheni iliyozimwa. Akamwekea kikombe, akakijaza hadi ukingoni, akasimama hapo mikono kiunoni mpaka akamwona amekinywa chote na kugeuza kikombe juu chini. Shiku alikuwa amevaa gambuti. Nduku alikuwa akimfundisha mama wa leso, kwa kijiko na sukari, kwa nini mkono mrefu hushinda mkono mfupi.

Ni Mzee Gatimu peke yake aliyekaa kimya, mtaimbo umelala mapajani, akipitisha kidole juu yake kutoka ncha hadi ncha, na kurudi.

"Mzee, ni nini?" aliuliza Seth.

"Imenyooka," alisema Gatimu. "Niriweka juu chini, rori imeirudisha. Angaria. Imenyooka kama mpya." Alikuwa karibu kulia. "Sasa mgeni akikuja, nitaonyesha yeye nini? Nikisema hii iriinua rori, nani ataamini?"

Seth aliuchukua, akafumba jicho moja akautazama urefu wake. Kweli, haukuwa na shingo tena.

"Usijali, mzee," alisema. "Siku nikishonwa huo mstari, nakuja Mukurweini. Tutatafuta lori tuupinde tena."

"Na utaimba?"

"Nitaimba."

Gatimu alifikiri. "Basi rete na huyu mwarimu," alisema, "akuje aseme haiwezekani."